Namba moja haitoshi: juu ya memwari za kemia na wale wanaoziongoza

Mimi ni wa agronomi, siko wa kemia, lakini memwari za kemia ninazisoma, juu sisi ndio tunapeleka namba zao ku shamba. Leo nizizungumzie bila kuficha.

Nyingi iko na sura moja. Kurasa mingi za maelezo ya jumla, kisha tablo moja ya namba, kisha mapendekezo kwa serikali. Ile namba ilipimwa mara ngapi? Siku gani? Ililinganishwa na nini? Kimya.

Tuchukue mfano wa muhogo, tunakula kila siku. Muhogo mchungu iko na linamarina. Ukiuponda, inatoa sumu ya sianidi. Kanuni ya Codex inaruhusu miligramu 10 tu kwa kilo moja ya unga. Hii si hesabu ya kujifurahisha. Kuna konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa gafula, zaidi kwa watoto na wamama, na miguu hairudi tena sawa mbele. Daktari Trolli aliuandika juu ya Kwango tangu 1938, na mu 2011 kukatoka andiko la kuonyesha kama ulifika hata huku Kivu ya Kusini.

Sasa tuseme mwanafunzi ameandika mu tablo: miligramu 8. Mama mwenye kuuza unga ku Kadutu atasikia nini? Atasikia kama unga yake iko salama. Lakini ile sumu inachemka karibu na digri 26. Kama unga ililoweshwa na ikaachwa wazi asubuhi yote, ikingoja umeme urudi, ile 8 haipime unga. Inapima tu kile kilichobakia kisha ingine kuruka mu hewa.

Mtu wa kumuambia hivyo ni mwalimu anayemuongoza. Lakini mara mingi mwalimu anakutana na kazi wakati imekwisha kuandikwa. Anasahihisha Kifaransa, anasahihisha marji, anatia sahihi. Virgili zote ziko mahali pake, na namba hakuna aliyeigusa.

Najua jibu: baasistanti wengi hawalipwe, banafunzi ni wengi, dawa za labo hazipatikane. Ni kweli, na sitawacheka. Lakini kwa sianidi kuna karatasi ya pikrati: inatoka manjano inakuwa kahawia, unailinganisha na chati ya rangi. Haidai mashini kubwa. Inadai chupa zenye kufungwa muzuri: moja bila unga, moja yenye kiasi kinachojulikana, na tatu za unga ile ile. Kinachokosekana hapo si mashini. Ni asubuhi moja ya mwalimu pembeni ya mwanafunzi, kumuuliza: juu ya nini hii chupa ya tatu imeachana na zingine?

Na maswali ya maana hayakosekane. Kuna njia ya kulowesha unga na kuitandaza mwembamba, masaa 2 ku jua ao masaa 5 ku kivuli, ili sumu itoke. Je, inafanya kazi Walungu wakati wa mvua, jua likifichama? Hiyo tu ni memwari nzima ya lisansi, na ingesaidia nyumba mingi kuliko kurasa mia za maelezo ya jumla.

Kwa hiyo naomba juri zetu kitu kimoja. Mbele ya kufungua memwari, zifungue kaye ya labo. Kama sahihi ya mwalimu haiko mule, tarehe ya siku ya kupima, basi jina lake lisikuwe pia ku jalada.