Sifa za Walioshika Chaki

“Kazi njo baba, njo mama,” walisema wafanyakazi wa Lubumbashi, Kongo, enzi za kampuni ya shaba ya Union Minière, na hata baada ya dola kuitwaa kampuni hiyo mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, unga, hospitali na shule. Kisha shaba ikaporomoka: kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 miaka kumi baadaye. Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango wa “kuondoka kwa hiari”. Wengi walikuwa watu wazima wenye watoto wa kusomesha. Walioshika jembe wapo, walioshika biashara wapo. Mimi nawasifu walioshika chaki.

Wako wanaosema ualimu ni kazi ya aliyekosa kazi. Na wakae darasani asubuhi moja. Ubaoni pameandikwa 52 kutoa 27, na mtoto ameandika 35. Mwenye pupa atachora msalaba na kupita. Aliyekuwa fundi, ambaye hakuzoea kuhukumu mashine kabla hajaifungua, humwambia mtoto, “Nionyeshe ulivyofanya, mwanangu.” Mtoto anaeleza: mbili haitoshi kutoa saba, basi amegeuza, saba kutoa mbili. Kosa limeonekana lilipo. Mwalimu anaweka mezani mafungu matano ya vijiti kumi kumi, na viwili pembeni, kisha anamwachia mtoto afungue fungu moja kwa mkono wake. Sasa viko kumi na viwili. Saba vinatoka, vitano vinabaki. Katika mafungu manne yanatoka mawili, yanabaki mawili. 25! Kesho hatahitaji vijiti.

Jicho hilo la kutafuta chanzo cha kosa, aliyetoka kiwandani huja nalo. Lililobaki hujifunza upya, na ni gumu. Aliyechomelea vyuma miaka ishirini, mkono wake unajua mambo ambayo mdomo haujawahi kuyataja. Mbele ya wanafunzi hana budi kuuvunja ujuzi wake vipande vipande, aseme kipi kinatangulia na kwa nini, kisha arudishe mikono nyuma huku kijana akikosea. Kunyamaza kwa wakati wake ndiko kugumu kuliko yote.

Na hufanya hivyo kwa malipo haba. Tangu miaka ya 1990 ni wazazi waliomlisha mwalimu kwa michango yao. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2019, madarasa yalifurika, na kazi yake ikazidi.

Serikali imlipe mwalimu kama fundi anavyostahili. Nawe mwenye ujuzi, uliyefikia umri wa mvi, usiuache ujuzi huo ufe nawe. Jifunze kufundisha, kisha uingie darasani. Watoto wa mitaa ya Lubumbashi, Katuba, Kenya na Ruashi, wanakuhitaji.