Mwamba Kitanda

"Vua viatu, mzee wangu, ulale hapo," fundi alisema, akionyesha boksi la friji alilolipasua na kulitandaza sakafuni. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, alisita. Utingo wake, kijana mwembamba aliyesimama mlangoni na ndala zilizolika visigino, akageuza uso ili acheke vizuri. "Ila lala kama unavyolala njiani," fundi akaongeza, "siyo kama unavyolala kwa mama watoto." Mzee akajilaza ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, goti moja amelikunja. Fundi akamzungushia chaki kuanzia kisogo hadi unyayo, kama mtoto anavyochora kiganja chake kwenye daftari.

Nilikuwa nimekwenda Tandika kufuata kiti changu kilichochanika. Nikasahau kiti.

Kilichokuwa kinatengenezwa ni kitanda cha kebini, kile cha nyuma ya siti mbili za lori. Anayeliona lori likipita Barabara ya Mandela hafikirii kwamba mle ndani mna chumba cha kulala, tena chenye kila dhiki ya chumba cha kulala. Urefu wa kitanda ni upana wa kichwa cha gari, mita mbili na kidogo. Upana wake ni futi mbili na ushee, ambao dukani kwetu huku mjini, tuliozoea kutaja tano kwa sita na sita kwa sita, hauna hata jina. Chini yake panakaa spana, sufuria, jiko na mfuko wa unga. Chini zaidi kuna injini, ambayo ikizimwa haipoi papo hapo. Hutoa joto lake polepole kupitia sakafu, kama mkate wa kumimina unaosubiri kupoa. Na kebini yenyewe hulazwa mbele injini inapofunguliwa, kwa hiyo kitu chochote kisichofungwa sawasawa huishia kwenye kioo.

Sasa ongeza barabara. Kutoka Kurasini hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Dereva huyo huyo, kwa shuka lile lile, atalala Chalinze akitokwa jasho, kisha apande Kitonga, na usiku unaofuata atetemeke Makambako, hasa akisafiri Juni au Julai. Akifika mpakani akakuta foleni ndefu, kitanda hicho kinakuwa nyumba yake.

Wengi wetu tukibanwa na usingizi mbaya tunakimbilia kununua godoro nene. Hata mimi. Nilipokuwa nimepanga chumba Mwananyamala, futi kumi kwa kumi, nilijibana miezi nikanunua godoro la inchi kumi, nikaliweka juu ya mbao za kitanda zilizokaa kama meno yenye mapengo, hapa ipo, hapa haipo. Nililala kama mfalme kwa wiki tatu. Baada ya hapo godoro likashuka kwenye mapengo, nami nikashuka nalo, na kila asubuhi mgongo wangu ulikuwa na habari zake. Nilimlaumu muuza godoro. Sikuwahi kuinama nikatazama uvunguni.

Fundi wa Tandika anaanzia uvunguni. Kwanza aliitoa mbao nzima ya plaiwudi iliyokuwa kwenye fremu ya kitanda, akaigeuza tuione: upande wa juu ulikuwa na ukungu mweusi wenye umbo la mtu. "Ndio huyu mzee," alisema. Jasho na pumzi ya mlalaji hupenya kwenye spanji, hukuta mbao baridi isiyopitisha hewa, hugeuka maji, na maji hayana pa kwenda. Wazungu wanaotoka Cairo kuelekea Cape Town kwa magari yao ya kulalia, ambao huegesha fukwe za Kigamboni kupumzika, wanaujua ugonjwa huo kwa sababu kwao baridi ni ya miezi. Ndiyo maana magari mengi ya aina ile yana vibao vyembamba vyenye nafasi kati yake, vilivyopinda mgongo kidogo ili vinese.

Fundi hakutumia vibao. Alitoa tyubu kuukuu ya tairi la lori, akaikata kanda za upana wa vidole viwili, akaanza kuwamba.

Neno hili lina kwao. Kabla spanji haijaingia kila nyumba ya pwani, kitanda kilikuwa matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, cha mchagoni na cha miguuni. Kati yake palikuwa patupu mpaka aje mwambaji. Kamba ilitoka kwenye makumbi ya nazi. Wanawake waliyafukia kwenye mchanga unaofunikwa na maji ya bahari, wakayaacha miezi, wakayafukua yakinuka vibaya mno, wakayaponda yakabaki nyuzi, wakazisokota viganjani. Kamba hiyo haiozi upesi, lakini inalegea, na mtu aliyelala katikati hujikuta ndani ya bakuli. Ndiyo sababu kitanda kile kikapewa jina lisilo na haya, teremka tukaze. Napenda jina hilo kuliko majina yote ya vitanda ninayoyajua. Linakubali mapema kwamba starehe inahitaji kurudiwa, na kwamba mlalaji atasumbuliwa kidogo ili alale vizuri.

Sikitamani sana kitanda kile. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nimekilalia: kunguni walijificha kwenye maungio, na tiba yake ilikuwa kukitoa uani, kukianika juani na kukimwagia maji ya moto. Ninachokitamani ni ule mkono uliojua kuvuta.

Maana kuwamba si kufunga. Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mwamba kitanda akivutia kwake tu, mfumbati wa upande wake unapinda na kitanda kizima kinakwenda upogo. Fundi alivuta ukanda mmoja upande wa nyuma, kisha akahamia upande wa siti kuvuta wa pili, kisha akarudi. Kila baada ya kanda tatu aligonga kwa kidole na kusikiliza. Penye nyonga alikaza mpaka mpira ukalia kwa sauti nyembamba. Penye bega aliuruka ukanda mmoja kabisa, akaacha tundu. Dereva akamuuliza kama amesahau. "Bega lako la kulia litaingia hapo, mzee. Usipolipa nafasi ndilo linalokufa ganzi saa tisa usiku." Mzee akaushika mkono wake wa kulia, akanyamaza. Nadhani hakuwa amemwambia mtu.

Juu ya mipira aliweka spanji ngumu ya inchi tatu tu. Inchi nne zingempunguzia mzee nafasi ya kuketi bila kugonga dari, na mtu asiyeweza kuketi kitandani kwake anavaa suruali kwa taabu. Kifuniko kilikuwa kitambaa cha pamba. Ngozi bandia aliikataa, ingawa inafutika kwa urahisi na madereva wengi wanaipenda kwa kung'aa.

Pale karibu, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, kuna kituo cha TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Chumba cha kulala cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita, vitatu kila upande. Nimesafiri kwa vyote viwili, na kila mara nimewaza kwamba mpangaji wa vitanda vile alihesabu watu. Hakuwa na njia nyingine, hakutujua. Kebini ya lori ina mtu mmoja anayejulikana, mwenye bega moja bovu, na fundi wa Tandika anapata bahati ambayo mhandisi wa reli hakuipata.

Kazi ilipoisha tulitoka wote hadi kwenye gari. Fundi akafunga fremu kwa bolti nne, akaitikisa. Mzee akapanda, akalala, akakunja goti lake. Tulisubiri aseme kitu. Baada ya dakika chache tulisikia akikoroma.

Utingo ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akamuuliza fundi, kwa utani lakini si utani mtupu, kama kanda zilizobaki zinauzwa, maana yeye usiku hulala kwenye siti mbili na lile pengo la katikati, na mvua ikiwa haipo hushuka chini ya tela na turubai lake.

Fundi alimtazama juu hadi chini. Akarudi kibandani, tukamsikia akiburuta boksi, akaligeuza upande usio na chaki.

"Dogo, vua ndala."