Mafundi wa Hatua, Moshi
Katika eneo la hospitali ya KCMC, Moshi, chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza miguu tangu 1981. Wanastahili pongezi za dhati, hasa kwa subira yao kabla ya kugusa plasta ya kuchukulia umbo la mguu.

Fundi hutazama kwanza mgonjwa anavyotembea. Aliyepata kiharusi, vidole vikiburuta chini, mara nyingi hutoshwa na kifaa chepesi cha plastiki kinachoishia chini ya goti. Aliyepooza kwa polio, goti likikunjika ghafla, huenda akahitaji kinachopanda hadi pajani. Kifundo cha mguu kilichokakamaa sana hakifai kifaa chenye bawaba; chenye nguvu kiasi, kukifunga kabisa ni kumnyima mtu hatua yake.

Ngozi nayo hukaguliwa, maana mguu usiohisi huchubuka bila mwenyewe kujua.