Ustadi wa Kutogeuza Kauli

Hisabati ya mwaka wa kwanza chuoni hufunguliwa na mantiki, na kiini cha mantiki ni kauli yenye sharti: ikiwa namba inagawanyika kwa 4, basi ni shufwa. Kauli hiyo ni kweli daima. Ikigeuzwa, kwamba kila shufwa hugawanyika kwa 4, inavunjwa na 6 peke yake. Mfano mmoja hutosha kubomoa dai. Mifano elfu moja haitoshi kulithibitisha. Somo hilo huonekana jepesi, hata la kitoto, na ndiyo maana wanafunzi wengi hulipita mbio, ilhali uzuri wa kozi nzima umelala hapo.

Seti, nadharia iliyoasisiwa na Georg Cantor katika miaka ya 1870, hulichora jambo lilelile. Duara la namba zinazogawanyika kwa 4 huwekwa ndani ya duara la shufwa, na jicho likaona papo hapo kwa nini njia ya kurudi imefungwa. Michoro ya namna hiyo huitwa kwa kawaida kwa jina la John Venn, aliyeitangaza ya kwake mwaka 1880. Kanuni za kuhesabu mipangilio na michaguo hufuata. Zinadai mazoezi zaidi kuliko tafakuri.

Utamu hurudi kwenye uwezekano, tawi lililopata msingi wake katika barua ambazo Pascal na Fermat waliandikiana mwaka 1654 juu ya michezo ya kamari. Hapa sharti huvaa namba. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kisichomkosa mgonjwa yeyote, ila huwasingizia asilimia 5 ya wazima. Aliyeambiwa anao, ana uwezekano gani wa kuumwa kweli? Mwaka 1978 swali la namna hiyo waliulizwa madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 huko Harvard. Jibu lililotajwa zaidi lilikuwa asilimia 95. Hesabu yenyewe haina siri: katika watu 1,000, mgonjwa ni 1 na wanaosingiziwa ni kama 50, hivyo uwezekano haufiki hata asilimia 2. Waliokosea hawakushindwa kugawanya. Waligeuza sharti.

Takwimu huanza kwa upole, kwa wastani na mkengeuko wastani, kisha hufika kwenye upimaji wa dhana, ambako mtego uleule umetegwa upya. Kiwango cha 0.05, kilichoenezwa na kitabu cha R. A. Fisher cha mwaka 1925, hutumika kupima jibu la swali hili: kama dhana ya awali ingekuwa kweli, matokeo yaliyopatikana, au ya mbali zaidi, yangetokea kwa nadra kiasi gani? Hakielezi dhana yenyewe ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Hata watafiti wazoefu huchanganya maswali hayo mawili, kiasi kwamba mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi la kuyatenganisha.