Kiapo Kwanza au Nikaha Kwanza: Ndoa na Watoto katika Ombi la Kuhamia Marekani

Ombi la kumhamishia jamaa Marekani halifanani na ombi la pasi ya kusafiria, liandikwalo leo na kujibiwa baada ya majuma machache, kwani mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni siku lilipoandikwa aweza kuwa na ndevu siku linapojibiwa. Na katika muda huo wote watu hawaachi kuishi, bali huposa, huoa, huzaa, huachana na kufiwa. Sheria ya nchi ile, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1952 na madaraja yake ya leo yakapangwa mwaka 1990, haiyatazami maisha hayo kwa jumla. Huchagua siku chache maalumu, nazo ni siku ombi lilipopokewa, siku lilipopitishwa, siku zamu ilipofika, siku mwenye kuomba alipokula kiapo cha uraia, na siku mwombewa alipokanyaga ardhi yao, na kwa kila siku huuliza swali moja tu: huyu, siku hiyo, alikuwa nani kwa yule aliyemwombea? Kwa sababu hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, walioombewa na mzazi mmoja kwa siku moja, huweza mmoja akapata na wa pili akakosa, ilhali wa pili hana ila yoyote ila kwamba alioa mwezi wa Machi badala ya mwezi wa Juni.

Madaraja yenyewe si mengi. Mke au mume wa raia, mtoto wa raia asiyefika miaka 21 na asiye na ndoa, na mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21, hawa hawana foleni. Wengine wote hungoja. Daraja la kwanza ni la wana wa raia waliovuka miaka 21 na ambao hawana ndoa, nalo hupewa nafasi 23,400 kwa mwaka. La pili, lenye nafasi 114,200, ni la jamaa wa mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grinkadi, nalo limegawanywa mafungu mawili, fungu la mke au mume na watoto wadogo, na fungu la wana waliovuka miaka 21 wasio na ndoa. La tatu, lenye nafasi 23,400, ni la wana wa raia walio katika ndoa. Na la nne, lenye nafasi 65,000, ni la ndugu wa raia. Msomaji akiyapitia tena kwa makini ataona pengo: hakuna daraja lolote la mtoto wa mkaazi wa kudumu aliye na ndoa. Raia aweza kumwombea mwanawe aliyeoa. Mwenye grinkadi hawezi. Katika pengo hilo ndimo maombi mengi ya jamaa zetu yamezama.

Tuchukue mfano wa mama akaaye Columbus, katika jimbo la Ohio, mwenye grinkadi, ambaye amemwombea kijana wake wa miaka 27 aliyebaki Mombasa. Kijana yumo katika fungu la pili la daraja la pili, na tarehe yake ya zamu, ambayo ni tarehe ombi lilipopokewa, inasogea polepole. Siku moja wazee wanakutana, mahari yanakubaliwa, walii anatamka maneno yake mbele ya mashahidi, na kijana anajibu kwamba amekubali. Papo hapo ombi la mama limekufa. Halingoji karani wa Uhamiaji ajue, wala barua iandikwe, kwa kuwa kanuni husema ombi la namna hiyo hutanguka lenyewe mwombewa anapooa. Na hata akimwacha mkewe mwezi ufuatao, talaka haifufui kilichokufa, bali mama atalazimika kuomba upya na kijana kushika mkia wa foleni.

Sasa tuugeuze mpango wa mambo, pasipo kubadili mtu wala nia. Mama aliyekwisha kutimiza miaka yake mitano ya ukaazi anakula kiapo cha uraia kwanza, kisha ndipo kijana anapooa. Kiapo kinamwinua kijana hadi daraja la kwanza, na nikaha ifuatayo inamshusha hadi la tatu, huku tarehe yake ya zamu ikibaki ile ile, na mkewe pamoja na watoto watakaozaliwa wakiwa na haki ya kufuatana naye kwa ombi hilo hilo. Atangoja zaidi, na jambo hilo ni haki kulisema waziwazi, kwa maana mwishoni mwa 2024 daraja la kwanza lilikuwa limefikia maombi ya 2015 wakati la tatu lilikuwa bado katika ya 2010. Lakini kungoja zaidi na kupoteza ombi zima ni mambo mawili mbalimbali. Siku moja tu kati ya kiapo na nikaha yatosha kuyatenganisha.

Hapa pana jambo la kwetu ambalo wanasheria wa ugenini aghalabu hawalioni. Katika miji ya pwani nikaha huweza kufungwa msikitini mwaka huu, na harusi, yaani kumtoa bibi harusi na kumwingiza kwa mumewe, ikangoja mwaka ujao mpaka fedha zipatikane au jamaa warejee kutoka safarini. Katika muda huo wa katikati kijana hulala kwao na binti kwao, na majirani husema bado hawajaoana. Akijaza fomu ya ubalozi huandika kwa moyo mweupe kwamba hana ndoa. Lakini kanuni ya Marekani ni kwamba ndoa huhesabiwa kuwa ndoa ikiwa imesihi mahali ilipofungwa, na kwa sheria zetu ndoa ya Kiislamu husihi kwa akidi, si kwa ngoma wala pilau. Ofisa wa Nairobi akiona tarehe ya cheti cha kadhi atahesabu tangu tarehe hiyo, na neno lililoandikwa bila nia mbaya laweza kuchukuliwa kuwa uongo wa kukusudia, ambao adhabu yake ni kuzuiwa kuingia nchi ile maisha, isipokuwa kwa msamaha wenye masharti mazito. Nasema kwa kusisitiza, kwa kuwa naona ndiyo sehemu iwaumizayo watu wanyofu kuliko wadanganyifu: mwenye ombi linalongoja na aihesabu nikaha kuwa ndoa kamili. Kwa upande mwingine, nikaha ya kwa wakala au kwa simu, ambayo mume na mke hawakuwapo pamoja ilipofungwa, haikubaliwi kumwombea mke mpaka wakutane kama mume na mke baada ya akidi; na mke wa pili, ijapokuwa ndoa yake ni halali kwetu, hatambuliwi huko maadamu ndoa ya kwanza ipo.

Kuzaa, kinyume cha kuoa, hakuliui ombi. Mwana asiye na ndoa akipata mtoto hubaki katika daraja lake, na mtoto humfuata. Kwa hiyo sheria humwacha salama aliyezaa nje ya ndoa na kumwangusha aliyefuata njia iliyonyoka, hukumu ambayo mimi siwezi kuiona kuwa ya haki, hata nikizingatia kwamba waliotunga sheria walikusudia kumpa nafasi mtoto ambaye bado anategemea nyumba ya wazazi.

Adui wa watoto katika foleni ni umri. Zamani, aliyetimiza miaka 21 kabla ya viza alidondoka, hata kama kilichochelewesha ni makaratasi yaliyolala juu ya meza za serikali. Tarehe 6 Agosti 2002 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kuwalinda, nayo iliweka hesabu ambayo kila mzazi anapaswa kuijua: huchukuliwa umri wa mtoto siku zamu inapofika, ukapunguzwa muda ambao ombi lilikaa likishughulikiwa kabla ya kupitishwa. Tuseme shangazi aliye raia alimwombea nduguye wa Tanga mwezi wa Mei 2007, ombi likapitishwa Mei 2011, na zamu ikafika Machi 2024. Binti wa ndugu huyo, aliyezaliwa Februari 2000, ana miaka 24. Tukiondoa minne ya kushughulikiwa, kwa sheria ana miaka 20, na atakwenda na wazazi wake. Lakini lau ombi lingalipitishwa upesi, Mei 2008, ungaliondolewa mwaka mmoja tu, akawa na miaka 23, akabaki. Uvivu wa makarani umemwokoa, na bidii yao ingalimpoteza! Na hata aliyeokolewa na hesabu hana budi kuchukua hatua ya kudai viza katika mwaka mmoja tangu zamu kufika, na kubaki bila ndoa hadi atakapoingia Marekani, jambo ambalo si dogo kwa binti wa miaka 24 aliyekwisha kuposwa. Anayeshindwa na hesabu katika daraja hilo la nne harithi tarehe ya wazazi wake: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo Juni 2014, katika shauri la Scialabba na Cuellar de Osorio, na majaji wenyewe waligawanyika. Baba akishafika atamwombea upya kama mwenye grinkadi, na miaka yote aliyongoja binti haihesabiwi kitu.

Kiapo nacho, kilichomfaa kijana wa Mombasa, chaweza kumdhuru mtoto mwingine. Mke wa mwenye grinkadi huwaburuta watoto wake nyuma yake katika ombi moja; mumewe akila kiapo, mke hutoka foleni na kuwa jamaa wa karibu wa raia, na daraja hilo halina wafuasi, hivyo watoto huachwa nje mpaka kila mmoja aandikiwe ombi lake. Mtoto wa kambo huombewa ikiwa ndoa ya mama yake na baba huyo ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Aliyekuwa amepita umri huo hana ombi ambalo baba wa kambo aweza kumwandikia, naye atangoja mama yake afike na kumwombea mwenyewe. Familia yenye watoto wanaoweza kuombewa ingefaa iandike maombi yao kabla ya siku ya kiapo.

Limebaki kosa moja, nalo hutokea mwishoni kabisa, viza ikiwa imekwisha kubandikwa katika pasi. Wazazi husema mtoto asiondoke hivi hivi, mchumba naye aogopa kusahauliwa, basi nikaha hufungwa haraka, siku chache kabla ya ndege. Viza ile ilitolewa kwa mtu asiye na ndoa, na aliyefungiwa nikaha hana tena haki ya kuitumia. Huenda akapita uwanjani bila kuulizwa neno. Lakini atakapomwombea mkewe itambidi aambatanishe cheti cha ndoa, na tarehe iliyo juu ya cheti hicho itatangulia tarehe ya kuingia kwake, akawa amejishitaki kwa mkono wake mwenyewe. Aingie kwanza akiwa hana ndoa, apokee kadi yake, arejee kwa likizo afunge nikaha, kisha amwombee mkewe katika fungu la kwanza la daraja la pili, ambalo hupewa sehemu kubwa kabisa ya nafasi za daraja hilo.