Nakala na Hukumu: Ubora wa Picha na Sauti katika Scener ur ett äktenskap ya Ingmar Bergman

Utangulizi

Uhakiki wa filamu katika Kiswahili umekuwa, kwa kiasi kikubwa, tawi la uhakiki wa fasihi. Mhakiki hutazama filamu, hutenga maudhui na fani kama alivyozoea kufanya anapochambua riwaya au tamthilia, kisha hutoa hukumu. Jambo moja husahauliwa: kinachotazamwa nyumbani au darasani ni nakala, na nakala hazilingani. Ubora wa picha na sauti huachiwa mafundi na wauzaji wa mitambo, kana kwamba ni suala la bei wala si la maana. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kuchunguza Scener ur ett äktenskap, yaani "Maonyesho kutoka Ndoa Moja", kazi ya Ingmar Bergman iliyoonyeshwa katika televisheni ya Uswidi kwa sehemu sita mwezi wa Aprili na Mei 1973.

Kisa chenyewe si kigeni kwa msomaji yeyote. Johan na Marianne wameoana kwa miaka kumi. Mume anampenda msichana aitwaye Paula na kumwacha mkewe, talaka inafuata, miaka inapita, nao wanakutana tena kwa siri, kila mmoja akiwa na ndoa nyingine. Kikisimuliwa, kisa hiki kinakwisha kwa dakika mbili. Kinachokifikisha karibu saa tano ni nyuso na sauti za waigizaji wawili, Liv Ullmann na Erland Josephson.

Nakala na Matini

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba nakala ni tatizo la kihakiki. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na ambao nao unahusu ndoa, umetufikia kupitia mikono ya wanakili. Hati za Kiarabu za zamani hazikutofautisha daima e na i, au o na u. Mhariri alilazimika kuamua. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi nyingi, na hakuna mtafiti makini anayezisoma nakala zake bila kuuliza ni kipi cha mtunzi na ni kipi cha mnakili.

Swali hilo hilo linapasa kuulizwa hapa. Mpiga picha Sven Nykvist alitumia filamu ya milimita 16, nyembamba na ya gharama nafuu, na sauti ikawa ya mkondo mmoja. Baadaye Bergman aliipunguza kazi hiyo hadi chini ya saa tatu kwa ajili ya kumbi za sinema, na picha ikapanuliwa hadi milimita 35. Kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa matoleo yote mawili kwa DVD mwaka 2004, kisha kwa Blu-ray mwaka 2018 baada ya ukarabati wa kidijitali. Kwa hiyo anayesema "nimeitazama filamu hii" bado hajasema ameitazama ipi.

Uso na Chembechembe

Filamu ya milimita 16 ina chembechembe zinazoonekana. Si vumbi wala kasoro ya diski. Ndizo zinazoiunda picha yenyewe, kama nyuzi zinavyounda kitambaa. Katika mkanda wa VHS chembechembe hizo huyeyuka na kuwa ukungu, rangi huvuja nje ya mipaka yake, na uso wa Marianne katika sehemu ya tatu, anapoambiwa kwamba mumewe anaondoka, hubaki kuwa alama tu ya huzuni. Mtazamaji hujua kwamba analia. Haoni jinsi uso unavyojaribu kwanza kuwa wa mke mwema anayemsaidia mumewe kufunga mizigo. Mhakiki aliyetazama nakala kama hiyo anaweza kuandika kwamba Marianne amesawiriwa kama mwanamke mnyonge asiye na upinzani. Hukumu hiyo inaweza kuwa imetokana na mkanda zaidi kuliko na Bergman.

Kinyume chake nacho ni hatari. Mitambo ya kidijitali inaweza kufuta chembechembe hadi ngozi ikawa laini kama nta. Wapo watakaouita huo ubora. Lakini kuufanya uso wa ndoa inayobomoka ung'ae ni sawa na mhariri anayesahihisha vina vya mshairi kwa sababu havimpendezi. Kanuni inayopendekezwa hapa ni moja: ukarabati ni halali unaporudisha kilichokuwamo katika filamu asilia, na ni upotoshaji unapoongeza au kufuta. Blu-ray ya 2018 inasifika si kwa kuwa safi, bali kwa kuziacha chembechembe mahali pake.

Huenda ikasemwa kwamba kazi hii ilitungwa kwa ajili ya televisheni ndogo za 1973, ambazo hazikuonyesha hata nusu ya hayo. Hoja hiyo ina uzito, na inatukumbusha kwamba kazi hii ilizaliwa sebuleni. Kuitazama nyumbani si kuishusha hadhi. Hata hivyo, udhaifu wa runinga za wakati huo haukuwa sehemu ya utunzi. Nykvist aliupiga picha uso wote, si kiasi tu ambacho runinga ingeweza kukionyesha.

Sauti na Ukimya

Hakuna muziki unaomwelekeza mtazamaji ahisi nini. Kuna maneno, pumzi na ukimya. Sehemu ya tatu inapokaribia mwisho, Marianne anampigia simu rafiki na kugundua kwamba wenzao walikuwa wakijua habari za Paula muda wote. Nakala yenye mvumo wa mkanda huuziba ukimya unaofuata maneno kama hayo, na ukimya ndio jibu lake la kwanza.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki asiyejua Kiswidi jambo hili ni zito zaidi. Maana ya maneno humfikia kwa macho, kupitia tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Sikio hubakiwa na toni peke yake. Sauti ikiharibika, hana njia nyingine ya kutambua kejeli, woga au uchovu.

Bergman mwenyewe ameiweka hoja hii ndani ya kazi yake. Katika sehemu ya pili, mteja wa Marianne, Bi. Jacobi, anataka talaka baada ya zaidi ya miaka ishirini kwa kuwa ndoa yake haina upendo. Analalamika kwamba hisi zake zinafifia: anaigusa meza, na mguso ni hafifu na mkavu, kuona na kusikia kwake pia kumeanza kudhoofika. Ndoa mbovu, kwa maelezo yake, ni kupungua kwa ubora wa kuona na kusikia. Tamko hilo halisikiki vizuri katika nakala ambayo yenyewe imefifia, kwa sababu mtazamaji hana tena ulimwengu timamu wa kuulinganisha na ule wa Bi. Jacobi.

Hitimisho

Ubora wa picha na sauti ni sehemu ya fani, na kwa kuwa maudhui hayatufikii ila kupitia fani, ni sharti la kuyafikia maudhui. Haifuati kwamba asiye na diski bora anyamaze. Vyuo vingi havina uwezo huo, na nakala duni inaweza kusomwa kwa uangalifu kama hati iliyoliwa na mchwa. Linalotakiwa ni uaminifu wa kitaaluma. Tasnifu inayochambua filamu na itaje toleo lililotazamwa, urefu wake na chombo lilikotoka, kama vile inavyotaja chapa ya diwani. Na pale ambapo nakala haimruhusu mhakiki kuona uso, asiuhukumu uso huo.