Ugali katika Jiko la Presha: Istilahi na Maelekezo

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, walenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme, basi, lahitaji maelekezo yatakayoeleweka hata Mpanda, mkoani Katavi, ambako ugali wa mahindi ni chakula cha kila siku.

Jina lenyewe halitusumbui. "Kanieneo" ni istilahi sahihi ya fizikia, nayo ifae darasani. "Jiko la presha" limekwisha kukubaliwa na watumiaji. Kasoro imo katika vitenzi. Mfasiri aandikapo "toa presha", hasemi kitokacho ni nini; "toa mvuke" humwonya mpishi auepushe mkono. Aandikapo "koroga ugali", achanganya mambo mawili: uji hukorogwa, ugali husongwa. Tena husongwa kwa mwiko, kifuniko kikiwa wazi.

Kwa hiyo twashauri maelekezo yafuate mpango huu: chemsha maji, koroga uji, ongeza unga, songa, ukikifunga kifuniko ili ugali uive, toa mvuke kabla ya kukifungua. Istilahi isiyomkinga mtumiaji na hatari haijakamilika, hata ikiwa sanifu.